Nora haondoki juu ya deni

Kila mara tamthilia ya Ibsen inapotajwa kati yetu wasomi, mjadala unaanzia mwisho. Yule mama alifunga mlango, akaacha bwana na watoto 3: alifanya vizuri ao vibaya? Wengine wanasema ni shujaa, wengine wanauliza, "Bibi gani huyo?" Mimi naona tunakimbilia mlango mbio sana. Tunaruka barua ya pili, na ni mule ndani ndoa inakufia.

Tukumbushane kwanza. Henrik Ibsen, mwandishi wa Norwe, alitoa Et dukkehjem mwaka 1879. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunaijua kama Une maison de poupée, yaani nyumba ya mwanasesere. Nora na Torvald Helmer wako na miaka 8 ya ndoa. Torvald karibu atakuwa mkubwa wa banki. Bibi anamuita kwa majina ya vindege, na hata bisikuti tamu anamkataza. Miaka ya nyuma Torvald aligonjwa, waganga wakasema lazima aende kwenye joto. Nora akakopa pesa ya safari ya Italia kwa siri, akaghushi sahihi ya baba yake kama mdhamini. Bahati mbaya, tarehe aliyoiweka ilikuwa siku 3 baada ya mzee kufariki. Tangu hapo analipa kidogo kidogo, akinakili maandishi usiku, na bwana hajui kitu.

Sasa Krogstad, yule aliyemkopesha, anafukuzwa kazi pale banki, na anamwandikia Torvald barua yenye kueleza yote. Nora anaogopa sana, lakini pia kuna kitu anangojea. Anaamini bwana yake atasimama mbele ya watu na kusema, "Ni mimi nilifanya." Yeye mwenyewe yuko tayari kufa ili asimwache ajitoe hivyo.

Torvald anasoma. Anamuita mwongo na mhalifu, anamnyang'anya malezi ya watoto, tena anataka waendelee kukaa nyumba moja ili watu wasijue.

Hapa wengi wanamtetea: mwanaume alishtuka, hasira ni hasira. Na kweli, kama tamthilia ingeishia hapo, hata mimi ningesema tumpe muda, bana. Mtu akiona kazi yake na jina lake vinaenda, anasema mengi ambayo kesho atajuta.

Lakini barua ya pili inafika. Krogstad anarudisha hati ya deni. Torvald anafurahi kwamba yeye ameokoka, anachoma makaratasi, halafu anamwambia bibi yake eti amemsamehe! Vile vile tu, anarudilia majina ya vindege. Haulizi Nora alibeba nini miaka yote ile. Hasemi asante ya uhai wake. Hasira imekwisha, na chini yake hakuna kitu. Nora anaenda kuvua nguo za dansi, anarudi, anamwambia akae chini wazungumze, kwa sababu katika miaka 8 hawajawahi kuzungumza jambo moja la maana.

Kuna wanaosema barua hii ya pili ni rahisi mno: Krogstad anageuka moyo ghafula juu Kristine, rafiki ya Nora, amekubali kuishi naye. Mimi naona urahisi huo unafanya kazi kubwa. Kama hatari ingebaki, Nora angeondoka kwa haya ao kwa woga, nasi tungesema deni limemfukuza. Ibsen anaondoa deni, anaondoa aibu, anaiacha ndoa peke yake mezani. Hakuna tena cha kusingizia. Na tazama: Kristine na Krogstad, watu wenye kujuana makosa yao yote, wanaanza nyumba saa ile ile nyumba safi ya Helmer inaanguka.

Ndiyo maana ule mwisho mwingine ulikuwa dhaifu. Mwaka 1880, Ujerumani, mchezaji Hedwig Niemann-Raabe alikataa kuigiza mama anayeacha watoto. Ibsen akaandika mwenyewe mwisho ambamo Nora anapelekwa kwenye mlango wa watoto, anaanguka, anabaki. Halafu akaulaumu vikali. Kumbe watoto hawajibu swali aliloliuliza: huyu mtu niliyelala naye miaka 8 ni nani?

Swali hilo sheria haiwezi kutujibia. Kwetu Kongo, Sheria ya Familia ya 1987 ilimtaka mke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana kabla ya kujifunga kisheria, karibu sawa na Nora asiyeweza kukopa bila Torvald. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliondoa ruhusa hiyo. Ni hatua kubwa, niko nyuma yake kabisa. Lakini leo Nora angeweza kusaini mwenyewe pale banki, akarudi jioni kwa mtu asiyemjua.

Wewe unayejiandaa kuoa ao kuolewa, soma tena kitendo cha tatu polepole. Usiangalie vile Torvald anakasirika. Angalia vile anasamehe. Halafu utuambie: ungebaki?