Aliyetoa Fedha Yuko Wapi?

Mtu wa pwani akitajiwa Kapalamsenga, huko mkoani Katavi kunakochimbwa shaba, hudhani atajiwa dunia nyingine. Mei 2015 mkoani humo mwanamke mwenye ualbino alikatwa mkono, nasi huku tukasema: hayo ni ya bara. Filamu iitwayo In the Shadow of the Sun, ya Mwingereza Harry Freeland, iliyotoka mwaka 2012, yatuhusu sote.

Yasimulia mauaji ya wenye ualbino yaliyoshtadi Tanzania tangu mwaka 2007. Nguzo zake ni wawili: kijana wa Ukerewe atafutaye elimu, na Josephat Torner, aingiaye vijiji palipomwagwa damu akazungumza na wenyeji uso kwa uso. Freeland aliwafuata kwa miaka sita, na subira hiyo imezaa matunda. Twaona binadamu mwenye jina, hamu na ghadhabu, si "dili" kama walivyomwita wauaji. Torner apandapo Kilimanjaro, mtazamaji hatamhurumia tena, atamheshimu.

Lakini tuna lawama. Twamwona aliyeonewa, twamwona jirani. Mnunuzi yuko wapi?

Na upelelezi ulikwama papo hapo. Mwaka 2008 Vicky Ntetema, mwandishi wa BBC, alijifanya mfanyabiashara atakaye utajiri, akawafichua waganga waliokuwa tayari kumpatia viungo vya binadamu. Januari 2009 serikali ikafuta leseni za waganga wa jadi. Machi ikaanza kura ya siri, wananchi wawataje washukiwa. Septemba Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, ikawahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumwua mtoto. Ni hatua za haki. Ila kura ya kijiji humtaja mtu wa kijiji. Mwenye fedha za kununua kiungo cha mtu hakai katika kibanda cha jirani, na jina lake halijulikani kwa mpiga kura. Polisi walitafuta kijijini, na kamera ikawafuata huko huko. Basi mkataji akashikwa, soko likabaki.

Soko hilo lasimama juu ya imani moja: kwamba riziki hufunguliwa na mganga. Mchimbaji wa Kapalamsenga aweza kushawishika nayo, mvuvi wa Ziwa Viktoria pia. Na je, mwenye duka wa Tanga au Mombasa? Dini yetu imetukataza kumwendea kahini, nasi twamwendea usiku kwa hirizi ya biashara, tukijitetea kwamba yetu ni ndogo. Kila anayelipa ndogo humlisha anayeuza kubwa.

Itazameni filamu hii pamoja na vijana wenu. Ikiisha, msianze kuwalaumu watu wa bara. Baba mwenye nyumba na aulizwe kwanza: fedha yetu sisi, mwaka huu, imekwenda kwa nani?