Maskini mmoja, maskini wengi

Tumesoma tena kitabu cha Charles Dickens, Hard Times, cha mwaka 1854, juu ya mji mmoja wa viwanda vya pamba kule Uingereza. Moshi na uchovu wa watu ameviandika vema. Naye alipokuwa mtoto wa miaka 12 alifanya kazi kiwandani, baba yake akiwa kifungoni kwa ajili ya deni.

Lakini juu ya chama cha wafanyakazi hatukubaliani naye. Januari 1854 alikwenda Preston. Wafanyakazi walidai nyongeza ya kumi kwa mia, matajiri wakafunga viwanda. Katika gazeti lake Dickens alisifu utaratibu wa mikutano yao. Mbona basi kitabuni msemaji wa chama, Slackbridge, ni mtu wa makelele tu, na Stephen aliye mwema ndiye anayekataa kujiunga?

Jaribu hilo sisi mapadri twalijua: kumpenda maskini akibisha mlangoni peke yake, na kuogopa wakija kumi.

Watu wa Preston walirudi kazini mwaka uleule bila nyongeza. Mgomo wao haumo kitabuni.