Mizuka Isiyosema: Wapenzi wa Ghosts I–IV na Suala la Maudhui

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi anapokabidhiwa kazi ya sanaa huulizwa maswali mawili: fani yake ni ipi, na maudhui yake ni yapi? Swali la pili aghalabu hulijibu kwa kuyarejea maneno. Huchambua beti, hunukuu mishororo, kisha huorodhesha dhamira na ujumbe. Makala haya yanakusudia kuutahini mkabala huo mahali ambapo maneno hayapo kabisa, yaani katika muziki wa ala peke yake, na hasa katika namna wasikilizaji walivyoupokea.

Kazi tuliyoichagua ni Ghosts I–IV ya bendi ya roki ya Marekani iitwayo Nine Inch Nails. Huenda msomaji akashangaa kuikuta kazi hiyo katika jarida la lugha za Kiafrika. Tunamwomba avumilie kidogo. Tutadai kwamba waliyoyafanya wapenzi wa bendi hiyo yanaufichua upungufu ulio katika uhakiki wetu wenyewe.

Kazi na Mazingira Yake

Nine Inch Nails ni bendi iliyojengwa juu ya mtu mmoja, Trent Reznor. Umaarufu wake ulitokana kwa sehemu kubwa na sauti na maneno yake. Waliomfuata tangu albamu ya The Downward Spiral ya mwaka 1994 walimjua kama mtu anayenena uchungu, hasira na kukata tamaa bila kuficha. Mwaka 2007 bendi ilijitoa katika mkataba wake na kampuni kubwa ya kurekodi. Katika majuma kumi hivi ya mwaka huohuo Reznor, akishirikiana na Atticus Ross na wenzao wachache, alirekodi vipande 36 visivyo na wimbo wowote. Vilitolewa tarehe 2 Machi 2008 na bendi yenyewe, pasipo kampuni wala matangazo ya awali.

Vipande hivyo havina majina. Vimepewa namba tu, na kila kimoja kimeandamana na picha. Neno pekee ambalo msikilizaji alikabidhiwa ni lile la jina la albamu, neno la Kiingereza lenye maana ya mizuka. Reznor alieleza kuwa walitunga kwa kuwazia mahali na mandhari, kisha wakaviveka sauti. Akaiita kazi hiyo muziki wa kuandamana na ndoto za mchana. Mahali hapo ni wapi, hakusema.

Kazi iligawanywa kwa ngazi. Vipande tisa vya kwanza vilitolewa bure. Vyote 36 viliweza kupatikana katika mtandao wa intaneti kwa dola 5, au katika sahani mbili kwa dola 10. Palikuwa na toleo la dola 75, na juu kabisa toleo la dola 300 lenye nakala 2,500 tu. Tena albamu yote ilitolewa chini ya leseni ya Creative Commons, iliyomruhusu yeyote kuinakili, kuigawa na kuigeuza mradi asifanye biashara nayo na amtaje mwenyewe.

Itikio la Kwanza: Mfuko

Itikio lililotangulia halikuwa la sikio. Wapenzi waliimiminikia tovuti ya bendi kwa wingi hata ikalemewa, na nakala zote 2,500 za dola 300 zilikwisha kwa muda wa siku chache. Katika juma la kwanza yalihesabiwa maagizo zaidi ya 780,000, ya bure na ya kulipia pamoja, na mapato yakafikia dola milioni 1.6.

Takwimu hizi zilishangiliwa kama ushindi wa msanii juu ya kampuni, na kwa kiasi fulani ndivyo ilivyokuwa. Lakini mhakiki hana budi kujiuliza: je, watu hawa waliupenda muziki? Aliyelipa dola 300 siku ya kwanza hakuwa amepata nafasi ya kuvisikiliza vipande 36 kwa makini. Alichokinunua ni jina la bendi, pamoja na fahari ya kuwamo katika kitendo cha kujikomboa. Hilo ni itikio halali, na ni aina ya maana. Lakini ni maana ya tendo la kuuza, wala si maana ya sauti. Mapokezi yakipimwa kwa fedha peke yake, mambo mawili haya huchanganywa, na msanii atasifiwa kwa lile ambalo hata mfanyabiashara hodari angeweza kulitenda.

Tuongeze kuwa uhuru huu ulikuwa na mtaji nyuma yake. Reznor alikuwa na hadhira iliyojengwa kwa takriban miaka ishirini, tena ndani ya mfumo uleule wa makampuni aliouacha. Kijana asiyejulikana akitoa vipande 36 vya ala leo, huenda mlango wake usigongwe na mtu.

Itikio la Pili: Manung'uniko

Baada ya shangwe walikuja wenye kunung'unika. Walisema kwamba hizi ni rasimu, kwamba vipande vingi hukatika kabla ya kukomaa, na kwamba huu ni muziki wa kusikilizwa huku mtu akifanya kazi nyingine. Baadhi ya wahakiki wa magazeti walikuwa na maoni kama hayo.

Lalamiko hili lina ukweli ndani yake. Vipande 36 ni vingi, na si vyote vyenye uzito sawa. Mchujo mkali zaidi ungeifaa kazi. Hata hivyo, tukilichunguza zaidi tutaona kwamba mara nyingi kilichokosekana katika masikio ya mlalamikaji ni sauti ya mtu. Aliisubiri iingie, haikuingia, naye akahukumu kuwa kazi haijakamilika. Ukimya wa mwimbaji aliyezoeleka si sawa na ukimya wa mtu usiyemjua. Kwa hadhira hii kutokuwapo kwa Reznor kulikuwa tukio, na pengine hapo ndipo jina la albamu linapopata maana yake iliyo kamili: mzuka unaosikika ni ule wa mwimbaji aliyenyamaza.

Itikio la Tatu: Kutenda

Itikio lenye utajiri mkubwa zaidi ni la wale walioamua kulijaza pengo wenyewe. Bendi iliwaalika wapenzi watengeneze filamu fupi za kuandamana na vipande hivyo, nao wakaitika. Wengine walizipangua sauti na kuzipanga upya, jambo ambalo leseni iliwaruhusu. Kwa njia hiyo mpokeaji alivuka mpaka, akawa mtunzi mwenza. Mtu aliyetengeneza picha za nyumba tupu juu ya kipande fulani cha piano alikuwa anatoa uhakiki: alikuwa anasema, kwa njia isiyokuwa ya insha, ‘Hivi ndivyo kipande hiki kinavyomaanisha.’

Je, basi, maana ilikuwa huria kabisa, kila mtu akijitungia atakavyo? Kuna kisa kinachotusaidia kulijibu swali hili. Miaka kadhaa baadaye kijana wa Kiholanzi ajulikanaye kama YoungKio alikitwaa kipande cha 34, chenye ala ya nyuzi inayolia kama banjo, akakijengea mdundo na kuuuza kwa dola 30. Mnunuzi alikuwa Lil Nas X, ambaye aliutilia maneno ya mpanda farasi. Wimbo huo, Old Town Road, ulitoka Desemba 2018, na mwaka 2019 ulikaa wiki 19 katika nafasi ya kwanza ya orodha kuu ya nyimbo Marekani. Reznor na Ross walitajwa miongoni mwa watunzi wake.

Sauti ni ileile. Wa mwaka 2008 walisikia mizuka. Wa mwaka 2019, wakiongozwa na maneno, walisikia farasi na barabara. Lakini tuangalie kwamba masikilizo yote mawili yana upweke ndani yake, na yote mawili yana mtu aliye mbali na watu. Upweke huo umo katika nyuzi zenyewe, katika mwendo wake wa polepole na nafasi iliyoachwa baina ya sauti moja na nyingine. Kwa hiyo sauti huweka mipaka, na hadhira huijaza nafasi iliyo ndani ya mipaka hiyo. Maneno yakija, huichagua sehemu moja ya nafasi hiyo na kuzifunika nyingine.

Funzo kwa Uhakiki Wetu

Turudi nyumbani. Waswahili husema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Pembe haina silabi hata moja, lakini mji mzima huelewa, kwa kuwa maana yake imekwisha kukubaliwa na jamii. Vivyo hivyo vikundi vya taarab vya Unguja, kama Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, vina utanzu wa bashraf, ambao ni wa ala tupu na wenye asili ya Kituruki na Kiarabu. Hadhira ya taarab huikaa na kuisikiliza bashraf kabla ya kuimbiwa.

Sisi tumefanya nini nayo? Tumekusanya beti za taarab na kuzichambua vina na mizani, mafumbo na vijembe. Bashraf tumewaachia wanamuziki. Tukienda vijijini kurekodi ngoma hurudi na maneno yaliyonakiliwa. Mlio wa ngoma, vigelegele vya akina mama na mahali hadhira iliposhtuka hubaki kandani, na kanda huharibika. Kisha tunadai kuwa tumehifadhi fasihi simulizi. Kwa kweli tumehifadhi sehemu ile moja ambayo mizoea ya kitabu ilitufundisha kuisikia.

Hitimisho

Tumeona kuwa wapenzi wa Ghosts I–IV waliitikia kwa mfuko, kwa manung'uniko na kwa kutenda, na kwamba ni itikio la tatu lililoyafikia maudhui ya sauti kwa dhati. Bendi hiyo iliendeleza mfululizo huo mwezi Machi 2020 kwa kutoa sehemu ya tano na ya sita bure. Bado hazikuwa na maneno, na bado wasikilizaji walipatikana.

Pendekezo letu ni dogo. Mwanafunzi atakayetumwa kukusanya wimbo msimu ujao aandike pia kile alichokisikia kabla mwimbaji hajafumbua kinywa, na amwulize aliyeketi karibu naye alisikia nini. Majibu yao yakitofautiana, hapo ndipo uhakiki uanzie.