Kosa Linalosafiri

"Ubwiri unga hushambulia maua na machipukizi ya mkorosho." "Maua na machipukizi ya mikorosho hushambuliwa na ubwiri unga."

Mwalimu wa Newala akizikuta sentensi hizi katika insha za wanafunzi wawili, atajua papo hapo kwamba zinasema jambo lilelile. Programu ya kusaka maandishi yaliyonakiliwa, kama imetengenezwa bila kukijua Kiswahili, inaweza kuzipita zote mbili pasipo kushtuka. Kuifundisha programu hiyo isizipite, kisha kuifundisha isimwonee mtoto wa watu kwa sababu ya mfanano tu, ni ufundi ninaouheshimu sana.

Msingi wake ni huu. Nafasi na alama za uandishi huondolewa, halafu mfululizo wa herufi hukatwa vipande vinavyopandana: herufi ya 1 hadi ya 20, ya 2 hadi ya 21, ya 3 hadi ya 22, mpaka mwisho. Kila kipande hupewa namba. Mwaka 1987 Richard Karp na Michael Rabin walichapisha njia ya kuipata namba ya kipande kinachofuata kutokana na ile iliyotangulia: unaondoa mchango wa herufi inayotoka, unaongeza wa ile inayoingia, basi. Herufi zote 20 hazihesabiwi upya.

Linalofuata ni tatizo la wingi. Ripoti moja ya kurasa 30 huzaa makumi ya maelfu ya namba, na chuo kina ripoti za miaka nenda miaka rudi. Zihifadhiwe zipi? Ukichukua kila ya kumi, mwanafunzi anaongeza neno moja mwanzoni, hesabu yote inasogea, na namba zako hazikutani tena na zile za ripoti ya awali. Saul Schleimer, Daniel Wilkerson na Alex Aiken walilijibu swali hili mwaka 2003 kwa njia waliyoiita kupepeta. Aiken ndiye aliyetengeneza MOSS mwaka 1994, chombo cha kulinganisha programu za kompyuta zinazoandikwa na wanafunzi. Katika kupepeta, dirisha dogo hupitishwa juu ya mfululizo wa namba, na katika kila dirisha hubakizwa namba iliyo ndogo kuliko zote. Kwa kuwa uteuzi hutegemea maandishi yenyewe, wala si mahali yalipokaa, aya iliyotolewa ukurasa wa 2 wa ripoti moja na kupachikwa ukurasa wa 19 wa nyingine bado itajitaja. Wakathibitisha kwa hesabu mambo mawili: nakala yoyote inayofikia urefu uliowekwa haiponyoki, na mfanano ulio mfupi kuliko kipimo cha chini hauhesabiwi. Wengi husifu ahadi ya kwanza. Mimi naithamini zaidi ya pili, maana "kwa mujibu wa" na "ikumbukwe kwamba" hazina mwenyewe.

Turudi kwenye mkorosho. Kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi, wakati, mtendwa na kauli ndani ya neno moja. Ukigeuza "hushambulia" kuwa "hushambuliwa", ile w moja huharibu kila kipande kinachoipitia. Ukigeuza na mpangilio wa sentensi, umemaliza kazi. Mwanachuo anayekopi na kupesti hahitaji kufundishwa hila hii, lugha yenyewe inampa. Kwa hiyo fundi hana budi kulivua neno viambishi vyake mpaka lifike kwenye mzizi: hu-shambuli-w-a, mi-korosho, ma-chipukizi. Ndipo alinganishe mizizi ya sentensi nzima bila kujali ipi imetangulia. Hapo sentensi zetu mbili zinakuwa moja.

Kusema ni rahisi. Neno "wali" ni chakula, na ni mwanzo wa maelfu ya vitenzi. "Ua" ni la bustani, ni la kuzungushia nyumba, na ni amri ya kutisha. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kazi hii mwaka 1985, na mfumo wake wa SALAMA umejengwa kwa miongo, kanuni juu ya kanuni, hadi kompyuta ikaweza kulichambua neno la Kiswahili na kuchagua maana kwa kuangalia majirani zake. Kazi ya namna hiyo haina siku ya kupigiwa makofi. Mtu anarekebisha kanuni moja ya ngeli, anaijaribu kwenye maandishi mengi, anagundua imevunja nyingine tatu, anaanza tena.

Masasi, huku kusini mwa Tanzania, ina undugu wa mbali na kazi hiyo. Askofu Edward Steere, aliyechapa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870, ndiye aliyefika hapa mwaka 1876 akitokea Unguja pamoja na watu waliokombolewa utumwani, wakaweka makazi kwenye majabali haya. Baada ya makazi hayo kuvamiwa mwaka 1882, sehemu yao walipandishwa Newala. Steere, kama mmisionari Krapf kabla yake, alikaa na wasemaji akiandika jinsi mzizi mmoja unavyozaa kutenda, kutendea, kutendwa na kutendana. Orodha zile za kalamu ndizo nyanya wa kanuni za leo.

Sasa nifike kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote, nayo ni makosa. Msahihishaji mzoefu anajua kwamba majibu mawili sahihi yakifanana si ajabu. Kwamba ubwiri unga hushambulia maua, bwana shamba amelisema, kipeperushi kimelisema, baba mtu amelisema akiwa na bomba la salfa mgongoni. Lakini mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kutumika kwenye korosho mwaka 2007. Insha mbili zikisema ulianza 1987, hapo kuna aliyeangalizia, au wote wawili wamekunywa kisima kimoja. Katika karne ya 19 wataalamu wa miswada ya kale, Karl Lachmann akiwa mashuhuri kati yao, walitumia makosa yanayofanana kutambua mswada upi ulinakiliwa kutoka upi.

Kosa nalo lina uzito wake, na uzito huo hutegemea mahali. Mtu aliyekulia Kiyao au Kimakonde huweza kuchanganya r na l, akaandika "kula za siri" akimaanisha kura, au "mahali" alipotaka mahari. Kosa hilo likionekana katika insha mbili za Arusha, lina mengi ya kusema. Katika insha mbili za Newala halisemi kitu, kwa kuwa ni la kijiji kizima. Karen Spärck Jones alionyesha mwaka 1972 kwamba neno lina thamani zaidi katika utafutaji kadiri linavyoonekana katika maandishi machache, na kanuni hiyohiyo huyapima makosa. Fundi mwangalifu huweka nakala mbili za kila insha. Moja husawazishwa r na l ili itafutwe kwa urahisi. Nyingine huachwa kama ilivyoandikwa, kwa ajili ya ushahidi.

Hila nyingine nazipita haraka. Wapo wanaobadilisha herufi a kwa herufi ya Kirusi inayofanana nayo kwa macho, na wapo wanaopachika maneno meupe kwenye karatasi nyeupe; hizo husafishwa mwanzoni kabisa. Anayetafsiri kutoka Kiingereza kwa mashine ni mgumu zaidi, kwani mizizi ya Kiswahili haimkamati, na hapo inabidi kuvuka lugha kwa kamusi.

Kinachohitajika kwanza kwa chombo cha huku ni maandishi ya huku: insha na ripoti za Masasi, Newala na chuo cha ualimu cha Kitangali, zilizotolewa kwa ridhaa ya wenyewe na kufutwa majina, pamoja na vipeperushi vya korosho na vitabu vya kiada. Bila hayo, chombo hakitajua kipi ni cha wote. Kisha asilimia ya mfanano inayotoka mwishoni isitangulie mezani. Mwalimu awekewe sentensi mbili ubavu kwa ubavu, mizizi iliyokutana ikiwa imepigiwa mstari, makosa ya pamoja yakiwa na rangi yake, na mwanafunzi awe amekaa hapohapo aulizwe alikopata ule mwaka 1987.