Msuguano wa Mawe na Madai ya Maabara: Uhakiki wa Sheria ya Byerlee kwa Kuzingatia Miamba ya Chidya

Makala ya Byerlee ya mwaka 1978 kuhusu msuguano wa mawe imenukuliwa mno hata dai lake kuu limekuwa kama kanuni isiyohitaji kuthibitishwa tena. Dai lenyewe ni kwamba msuguano hautegemei sana aina ya jiwe: mkazo usipozidi megapaskali 200, uwiano wake hukaribia 0.85. Ubora wa makala hiyo ni wingi wa vipimo ilivyokusanya. Udhaifu umo katika matumizi yake, hasa mtafiti anapoihamishia Chidya, upande wa Masasi na Newala, bila kupima hata kipande kimoja cha jiwe la huko.

Byerlee mwenyewe aliutenga udongo wa mfinyanzi wa aina kama montimoriloniti, ambao ukijaa katika ufa hupunguza msuguano. Jambo hilo, analolitaja kama la pembeni, ndilo lenye uzito hapa. Uwanda wa Makonde ni mashapo ya mchanga na udongo yaliyolala juu ya naisi kongwe, ileile inayochomoza kuwa vilima vya Masasi. Naisi nayo si donge la namna moja: mistari ya kwatzi na felspari hupishana na mika, na jiwe hilo likibanwa halivunjiki sawa kila upande.

Collettini na wenzake (2009) waliitikisa desturi ya kusaga sampuli. Vipande vizima vilivyokatwa kutoka ufa wa Zuccale, kisiwani Elba, Italia, viliteleza kwa wepesi kuliko unga wa mawe yaleyale. Madini hayakubadilika, mpangilio wake ndio uliopotea kinuni.

Aidha, uwiano wa 0.85 hueleza nguvu inayohitajika ili jiwe liteleze, si namna litakavyoteleza. Brace na Byerlee (1966) walikwisha kuhusisha tetemeko na kukwama na kuchomoka kwa ghafla, kama kiti kizito kinachoburutwa sakafuni. Dieterich (1979) na Ruina (1983) ndio waliofafanua jinsi msuguano unavyobadilika kasi inapobadilika. Mhandisi anayekadiria usalama wa madarasa ya Chidya kwa 0.85 pekee bado hajui kama ufa utajongea kimyakimya au utafyatuka. Februari 2006, Machaze nchini Msumbiji palipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.0, mahali ambapo bonde la ufa halionekani waziwazi juu ya ardhi. Kinachokosekana kwa Chidya ni kipimo cha msuguano wa naisi isiyosagwa, kwa kasi mbalimbali, ikiwa kavu na ikiwa imelowa.