Gadoliniamu Ikishaingia, Itokee Wapi?

Kuishikiza gadoliniamu, metali inayong'arisha picha za MRI, moja kwa moja kwenye ukuta wa silika lilikuwa kosa la wazi. Nazungumzia MSN-Gd, chembe za silika zenye vitundu za kikundi cha Wenbin Lin wa North Carolina, mwaka 2008. Vitundu vyake vilisanifiwa vizuri: maji yanaingia na kutoka upesi, na r1, kipimo cha nguvu ya kung'arisha picha, ikafika 28.8 kwenye tesla 3, wakati dawa ya kontrasti Magnevist hukaa karibu na 4.

Sasa turudi kwenye kile kifungo. Kelati, molekuli inayoibana gadoliniamu, ilifungwa kwa silani, ikawa sehemu ya ukuta, na chembe yenyewe ina kipenyo cha nanomita 75 hivi. Mwaka mmoja kabla, Choi na Frangioni walikwisha kuonyesha kuwa figo hupitisha chembe zisizozidi nanomita 5.5 hivi. Basi hii ipite wapi? Itanaswa na ini na wengu, na humo silika itayeyuka polepole huku gadoliniamu ikishikwa na kelati ya mstari, iliyo dhaifu kuliko ya pete. Na tangu 2006 madaktari walikuwa wakiihusisha gadoliniamu na ugonjwa wa kukakamaa ngozi kwa wenye figo mbovu. Habari zote mbili zilikuwa mezani, nao wakachagua mng'aro wa picha.

Majaribio yalikuwa ya panya, sawa, lakini dawa ya kontrasti husanifiwa kwa ajili ya mtu. Nimelisema hili kila mara na sitachoka: anza na mgonjwa. Mtu wa Kayanga au Nkwenda akipewa rufaa hadi hospitali ya Bugando, Mwanza, akapigwa picha na kurejea Kagera, nani atalifuatilia ini lake nusu mwaka baadaye? Mhandisi Mtanzania Askwar Hilonga, kwa mfano, alianza na mtumiaji. Kichujio chake cha maji hurekebishwa kufuata uchafu wa mahali husika, na mwaka 2015 kikampatia tuzo ya uhandisi ya Afrika.

Ukubwa wa chembe nao ungeweza kudhibitiwa. Stöber, mwaka 1968, kwa amonia, maji, alkoholi na TEOS (chanzo cha silika) tu, alitufundisha kuutawala ukubwa wa chembe. Wiesner wa Cornell alilishika somo hilo: mwaka 2009 kikundi chake kilitoa chembe za nanomita 3.3 na 6, zikatoka kwa mkojo, na kufikia 2014 matokeo ya wagonjwa wa melanoma yalikwisha kuchapishwa. Hazikuwa na vitundu wala r1 ya kujivunia.

Mwaka 2011 maabara ileile ya Lin iliweka kifungo cha disulfidi kinachokatika mwilini, kelati ikapita kwenye figo. Kemia ya disulfidi ilikuwapo hata 2008.