Sifa ya Anayetafuta Ubovu

Mota ya pampu, iwe ya kisima au ya mashine ya kuosha vyombo, ikiunguruma bila kuzunguka, sauti ile moja inaweza kuwa na maana nne au tano. Huenda kapasita imekufa na mota imekosa msukumo wa kuanzia. Huenda beringi zimeshika kutu, au koili ya kuanzia imekatika, au kuna mchanga, mfupa au kipande cha glasi kilichojikita kwenye impela. Na huenda mota ni nzima kabisa, ila umeme unaoingia ni mdogo. Mwenye mali huisikia sauti hiyo akasema mashine imekufa. Fundi hodari huisikia akauliza imekufa kwa nini. Swali hilo ndilo ninalotaka kulisifu. Kubadilisha kipuri ni kazi ya spana na bisibisi. Kujua kipuri kipi kibadilishwe, au kwamba hakuna cha kubadilishwa, ndiyo ufundi wenyewe, na kisiwani jambo hili huonekana waziwazi kuliko bara.

Tuchukue kisiwa cha Mafia. Fundi wa Kariakoo akikosea kukisia, huvuka barabara akaingia duka la pili. Fundi wa Kilindoni akikosea, kosa lake linasafiri kwa gari mpaka Nyamisati, kisha kwa boti, au linapanda ndege ndogo kutoka Dar es Salaam. Na msimu wa kusi, bahari ikichafuka, linaweza kusubiri. Kwa hiyo anatakiwa ajue kabla ya kuagiza. Mashine ya kuosha vyombo si chombo cha kila nyumba Mafia. Ikiwapo, utaitafuta zaidi kwenye majiko ya hoteli za watalii upande wa Utende. Lakini pampu inayovuta maji ya kisima na kuyapandisha kwenye tangi ni ndugu yake wa damu: mota ya umeme, shafti, sili inayozuia maji yasipite, na impela inayoyasukuma. Anayeielewa moja kwa undani hataiogopa nyingine.

Mashine ya kuosha vyombo ni ya siku nyingi. Josephine Cochrane wa Shelbyville, Illinois, alipata hataza ya mashine yake tarehe 28 Desemba 1886, na wazo lake lilikuwa kwamba vyombo visafishwe kwa maji yanayorushwa kwa nguvu badala ya kusuguliwa. Hadi leo, kinachoosha ni maji yanayosukumwa, na moyo wa mashine ni pampu iliyofichwa chini kabisa. (Mtaka cha mvunguni sharti ainame, hapa methali imekuwa maelezo ya kazi.) Kwa kawaida ndani zimo pampu mbili. Kubwa huzungusha maji na kuyapeleka kwenye mikono ya kunyunyizia. Ndogo huyatoa machafu nje. Ile ndogo mara nyingi ina rota ya sumaku, na ukiizungusha kwa kidole husita, ikaachia, ikasita tena. Mgeni wa kazi hii hudhani imekwama na kuitupa. Mjuzi anajua kwamba hiyo ni tabia ya sumaku, na kwamba ile inayoteleza bila kusita hata kidogo ndiyo ya kutiliwa shaka, kwa sababu huenda impela imeachana na rota yake.

Fundi mwenye nidhamu huenda kwa mpangilio, na mpangilio huo una hekima ya matumizi: huanza na kisichogharimu kitu. Anazima umeme. Anatazama chujio na bomba la kutolea maji, maana mabaki ya chakula na bomba lililopindwa hufanana sana na pampu mbovu. Anazungusha shafti kwa mkono kuona kama iko huru. Kapasita anaiondolea chaji kwanza ndipo anaipima, kwani kapasita iliyochomolewa bado inaweza kumpiga mtu. Kisha anapima koili: ile ya kuanzia kwa kawaida huwa na ukinzani mkubwa kuliko ile ya kukimbilia, na mita isiposoma kitu, waya umekatika. Mwisho anapima kama umeme unavuja kuelekea kwenye bodi ya chuma. Kila hatua inafunga mlango mmoja. Hajafungua nati hata moja ya mota, na tayari amebakiza maelezo mawili kati ya matano.

Hata hivyo vipimo hivyo vinajibu nusu ya swali. Vinasema nini kimekufa, havisemi kilichokiua. Tazama mkasa ulio wa kawaida kwenye pampu za visima. Futivalvu, kile kizibo cha chini ya bomba kinachozuia maji yasirudi kisimani, inaanza kuvuja. Maji yanashuka usiku, na asubuhi pampu inawashwa ikiwa kavu. Sili, ambayo hupozwa na maji yaleyale inayoyazuia, inaungua. Tangu hapo, kila pampu ikifanya kazi, matone yanapenya kando ya shafti mpaka kwenye beringi. Beringi inashika kutu, mota inakuwa nzito, inavuta umeme mwingi, na mwishowe koili inaungua. Fundi wa haraka atasuka mota upya kwa waya wa shaba, atafunga beringi mpya, atalipwa, na kazi itarudi kabla mwaka haujaisha. Fundi ninayemsifu ataona alama ya chokaa na kutu katikati ya pampu na mota, ataifuata nyuma hatua kwa hatua, na atakwenda kuitazama futivalvu, kitu kidogo kilichoangamiza mashine nzima. Fundi wa jahazi wa Chole naye hagombani na maji yaliyojaa ngamani. Anatafuta ubao ulioyaingiza.

Mafia inampa mtafutaji huyo washukiwa zaidi. Visima vya karibu na pwani huwa na chumvi, na maji yaliyopita kwenye mwamba wa matumbawe hubeba chokaa inayoganda kwenye impela na kwenye sili. Hewa ya bahari hula nyaya kwenye maungio. Na umeme wa kisiwa, ambao kwa miaka mingi umetegemea mitambo ya dizeli iliyopo hapohapo, mbali na gridi ya bara, lazima upimwe kabla ya mota kulaumiwa. Nguvu ya mota ya namna hii ya kusokota shafti hupungua kwa kipeo cha pili cha volti: zikishuka kutoka 230 hadi 180, nguvu inayobaki ni kama asilimia 61. Mota nzima, ikipewa umeme huo, inaweza kuunguruma bila kuanza na kujichoma yenyewe. Mita iliyochomekwa kwenye soketi wakati pampu inajaribu kuwaka ingemwokoa mwenye mali gharama ya mota mpya.

Watu watasema: pampu za siku hizi ni bei rahisi, mtu anunue nyingine, muda wa kutafuta ubovu una faida gani? Nakubali kwamba zipo pampu zisizostahili kusukwa upya, hasa zile ndogo ambazo kazi ya kuzisuka hukaribia bei ya mpya. Lakini pampu mpya inafungwa kwenye kisima kilekile na kwenye waya uleule. Kama maji ya kiangazi yameshuka, pampu iliyowekwa juu ya ardhi haitaweza kuyavuta kutoka kina kinachozidi mita 8 hivi, hata iwe imetoka kwenye boksi asubuhi hiyo. Anayenunua bila kujua sababu amenunua ubovu uleule kwa mara ya pili.

Wengine watasema mashine za leo zina kompyuta ndani, zinajitambua zenyewe na kuonyesha namba ya hitilafu. Namba hiyo inasema maji hayakutoka. Haijui kama ni mfupa wa samaki, bomba lililobanwa au mota. Kikwazo cha kweli ni mashine zilizofungwa zisifunguke na vipuri visivyouzwa, na hilo hata Ulaya wameliona: tangu Machi 2021 kanuni za Umoja wa Ulaya zinawabana watengenezaji wa mashine za kuosha vyombo wawe na mota na pampu za kuwauzia mafundi kwa angalau miaka 7 baada ya toleo la mwisho kuingia sokoni. Sheria ya namna hiyo ingetufaa sisi zaidi, tunaotumia mashine mpaka zikongoroke.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni kwamba mafundi ni waongo: wanabadilisha kilicho kizima, wanaondoka na kilicho kizuri. Wapo. Lakini tutazame tunavyowalipa. Fundi akitumia saa mbili akagundua kwamba waya umelegea kwenye swichi, akaukaza, tunanung'unika: amekaza waya tu, anataka hela ya nini? Akibadilisha mota, tunalipa bila swali, kwa kuwa tumeona kitu kipya. Kwa mtindo huo, mkweli anatoka na nauli na mwongo anatoka na faida, kisha tunashangaa wakweli wanakwenda wapi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazi mitaani, na ni jambo jema. Cheti, hata hivyo, hakimlishi mtu ambaye wateja wake hulipia vipuri peke yake.

Basi wewe mwenye pampu, patana na fundi malipo ya kutafuta ubovu kabla hajafungua begi lake, yakiwa mbali na malipo ya vipuri. Mwombe akuonyeshe kilichokufa na akueleze kilichokiua. Na akikwambia mota yako ni nzima, mlipe.